Santuri za marehemu mzee: soma kabla ya kuuza

Ndugu msikilizaji, kabla ya kuuza santuri za marehemu mzee kwa bei ya sufuria, zisome kwanza. Karatasi ya duara iliyo katikati inasema mengi.

Wendo Kolosoy alirekodi "Marie-Louise" huko Léopoldville mwaka 1948, kwa kampuni ya Ngoma ya Mgiriki Nicolas Jéronimidis. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika. Hazikuwa za plastiki, bali za utomvu mgumu uliochanganywa na unga wa mawe: nzito, na zikianguka zinavunjika kama chungu. Mtu akikuletea "Marie-Louise" inayopindika mkononi na kuapa kwamba ni ya 1948, anakudanganya.

Tazama pia majina. Léopoldville iliitwa Kinshasa mwaka 1966, Elisabethville ikawa Lubumbashi. Nchi yetu iliitwa Zaire tangu Oktoba 1971 hadi Mei 1997. "Indépendance Cha Cha" ilirekodiwa Brussels mwaka 1960, kwa hiyo nakala iliyoandikwa Zaire si ile ya kwanza. Hilo peke yake haliifanyi kuwa bandia. Kuchapa upya kwa haki kupo. Bandia ni ile iliyochapwa bila ruhusa, au inayodai umri isio nao.

Halafu sikiliza. Santuri inang'aa, haina mkwaruzo hata mmoja, lakini ukiipiga inakwaruza kama mvua juu ya bati? Basi huenda sauti imenakiliwa kutoka santuri nyingine iliyochakaa.

Ile ya utomvu usiipanguse kwa alkoholi. Inayeyuka.