Nguvu za Miujiza Zivukapo Mipaka ya Ngano: Luanda Magere, Liongo na Chemosit

Wanafunzi wa fasihi-simulizi wamezoea kuulizana mhusika fulani ametoka wapi. Ni mara chache tunapouliza swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ni gumu zaidi: mhusika huyo akishatoka katika ulimwengu wa ngano moja na kuingia katika ulimwengu wa nyingine, nguvu zake za miujiza huwaje? Je, huja nazo kama msafiri ajavyo na mzigo wake, ama huzivua mlangoni? Katika makala haya tunakusudia kulijadili swali hilo kwa mifano michache ya Afrika ya Mashariki. Yafaa tuseme mapema kwamba, kwa maoni yetu, nguvu ya miujiza haisafiri peke yake. Husafiri pamoja na sharti lake, yaani ile siri, mwiko au desturi ambayo bila hiyo nguvu haifanyi kazi. Na pale ambapo ulimwengu mpya hauna nafasi ya sharti hilo, nguvu hufa hata kama jina la mhusika litabaki.

Mahali panapofaa kutazamia jambo hili ni Kapsoit. Mji huo mdogo uko kwenye barabara itokayo Kericho kuteremkia Awasi na Ahero; nyuma yake ni vilima vya chai vya Wakipsigis, na chini yake ni uwanda wa Kano wa Wajaluo. Tangu miaka ya 1920, makampuni ya Kiingereza yalipoanza kupanda chai kwa wingi katika ardhi iliyotwaliwa kwa Wakipsigis, vibarua wengi walipanda kutoka Nyanza: Wajaluo, Wagusii na Waluyia. Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kazini na sokoni. Nayo lugha hiyo ilikuwa na ngano zake yenyewe kutoka pwani, ikiwa na majini, mazimwi na masultani. Hivyo basi, malimwengu ya ngano ambayo zamani yalitazamana kwa mbali, aghalabu kwa mikuki, yakawa majirani wa ukuta mmoja.

Tuanze na Luanda Magere. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wajaluo, shujaa huyu wa Kano alikuwa na mwili kama jiwe, usiopenywa na silaha yoyote. Adui zake, ambao Wajaluo huwaita Lang'o, yaani jirani zao wa milimani wa kabila la Wanandi na Wakipsigis, walimpa binti yao amwoe. Siku moja shujaa aliugua, akamwambia mke huyo asimchanje chale mwilini bali akichanje kivuli chake. Mke alipokichanja, damu ikatoka. Usiku akatoroka kwenda kwao na habari hiyo. Katika vita vilivyofuata mkuki ulilenga kivuli, Luanda akaanguka, na mwili wake ukageuka mwamba.

Msomi wa pwani akisikia haya atamkumbuka mara moja Fumo Liongo, ambaye kisa chake kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 na kutungiwa utendi na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Liongo naye hakuweza kuuawa kwa silaha, isipokuwa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni; naye pia alisalitiwa na mtu wa nyumbani, ambaye baadhi ya wasimulizi humwita mwanawe na wengine mpwawe. Katika kamusi kubwa ya motifu ya Stith Thompson wote wawili wangetiwa chini ya Z311, pamoja na Achilles wa Wagiriki, na kazi ikaisha. Lakini namba hiyo inaficha jambo lenyewe tunalolitafuta. Sindano ya shaba ni kitu cha mjini, mahali penye mafundi na bidhaa. Kitovu nacho kimo mwilini, na anayekifikia ni yule tu awezaye kumkaribia shujaa akiwa usingizini. Kivuli, kwa upande mwingine, ki nje ya mwili. Kila mtu wa uwanda wa Kano alikuwa akikiona kivuli cha Luanda kila kulipokucha, na hakuna aliyejua alichokuwa akikitazama. Siri ya Liongo ilifichwa chini ya nguo. Ya Luanda ilifichwa juani. Ukimhamisha Luanda umpe kitovu cha Liongo, utakuwa umempata shujaa mwingine kabisa.

Hata hivyo kuna sharti moja ambalo mashujaa hawa wawili wanashirikiana, nalo ndilo linalowawezesha kuvuka mipaka bila kupoteza nguvu zao: siri lazima ipite katika udugu. Adui hawezi kuigundua mwenyewe. Lazima ipatikane kwa mke au mtoto. Ndoa na uzazi viko kila mahali, kwa hiyo msikilizaji wa Kapsoit hahitaji kufafanuliwa kwa nini Luanda alimwamini mkewe. Linalobadilika ni hukumu. Kano mke huyo ni msaliti. Barabara ikishapanda mlima, na msimulizi akawa wa ukoo wa wale waliomtoa binti, mtu aliyerudi kwao usiku na siri ya adui hawezi kuwa msaliti tena.

Mfano wa Sultani Darai, uliomo pia katika mkusanyo wa Steere, tutaupitia kwa haraka. Paa asemaye anamtajirisha maskini aliyekuwa akipekuapekua jaani, kama vile paka wa Charles Perrault (1697) alivyomtajirisha mwana wa msaga nafaka. Paka wa Ufaransa humshawishi zimwi ajigeuze panya, kisha akamla. Katika ngano ya Unguja nguvu hiyo ya kujigeuza haipo; mwenye nyumba ni nyoka mkubwa, naye huuawa kwa upanga. Badala yake kuna sharti ambalo Perrault hakulijua, nalo ni fadhila: tajiri anapokataa kumuuguza paa wake, paa anakufa, na utajiri wote unatoweka hata bwana yule akajikuta tena jaani.

Sasa tumfikie Chemosit. Maelezo ya kale yaliyo wazi zaidi yamo katika kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi, kilichotolewa mwaka 1909. Humo Chemosit ni nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na matako tisa, anayetembea kwa kuegemea fimbo mfano wa mkuki. Kinywa chake ni chekundu, nacho hung'aa usiku kama taa. Hula watu, lakini hupenda zaidi watoto. Huimba karibu na makazi yao gizani. Watoto wakiona mwanga kwa mbali na kusikia wimbo, hudhani kuna ngoma, wakaifuata, wakaliwa.

Tuyatazame maelezo haya kwa makini. Nguvu ya Chemosit si meno wala mbio, kwani kiumbe cha mguu mmoja hakiwezi kumkimbiza mtoto yeyote. Nguvu yake ni kuiga ngoma. Sharti lake ni kuwepo kwa jamii ambayo moto wa mbali na wimbo wa usiku ni mwaliko wa kweli. Pasipo ngoma halisi, ngoma ya uongo haimvuti mtu.

Mhusika huyu alihama mara mbili. Mara ya kwanza alihamia katika hadithi za walowezi. Mwaka 1912 jarida la jumuiya ya elimu ya viumbe ya Afrika ya Mashariki na Uganda lilichapa maelezo ya Mzungu mmoja, Geoffrey Williams, kuhusu mnyama wa ajabu aliyemwona katika uwanda wa Uasin Gishu. Taarifa za namna hiyo ziliongezeka, zikachanganywa na habari za Chemosit, na mnyama akapewa jina la dubu wa Nandi, ingawa Afrika kusini ya Sahara haina dubu wa mwituni. Wengine walisema ni fisi, wengine nyegere, na wengine mnyama wa kale aliyedhaniwa kutoweka. Katika ulimwengu huo wa bunduki na vipimo vya nyayo Chemosit alipata miguu minne, manyoya na uzito. Alipoteza wimbo na mwanga, maana mnyama haimbi. Waliomtafuta kwa bunduki walikuwa wakitafuta kitu ambacho ngano haikupata kukisema.

Mara ya pili alihamia katika Kiswahili, na hapa sisi wanalugha tunahusika. Hollis alikuwa amekwisha kumwita shetani kwa Kiingereza. Mfasiri wa Kiswahili hushawishika kumwita zimwi. Neno hili si tupu. Kiswahili kina methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, nayo inampa zimwi sharti la kujuana: anayejulikana husalia japo kidogo. Chemosit wa Hollis hana mapatano ya namna hiyo na mtu. Akiitwa zimwi, msomaji humtarajia awe na huruma kidogo kwa jirani, na wimbo wake unakuwa pambo tu la hadithi.

Ugumu huongezeka katika nchi ya chai yenyewe. Viwanda vya chai hukausha majani usiku, na mwanga wa mbali gizani, ambao kwa mtoto wa zamani uliashiria ngoma, kwa mtoto wa kambi za vibarua uliashiria zamu ya usiku ya wazazi wake. Si ajabu basi kama kitisho kilihama kutoka wimboni kwenda kwenye ulaji peke yake. Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba wakusanyaji wanaoitafsiri ngano hii waliache jina la Chemosit kama lilivyo, na kwamba wimbo usifupishwe kamwe kuwa sentensi moja ya kusema kwamba aliimba. Uandikwe kwa Kikipsigis, pamoja na maelezo ya aina ya ngoma anayoiiga na saa ambayo ngoma hiyo ilikuwa ikichezwa.