Visu vya Sheffield na vidole vyetu

Leo nawaletea historia kidogo ya mji huu ninaoishi, Sheffield, hapa Uingereza. Wapenzi wa kandanda mnaujua kwa klabu ya Sheffield FC iliyoundwa mwaka 1857, lakini mie leo nataka kuongelea visu. Maana kabla ya mpira, mji huu ulikuwa wa visu.

Kazi hiyo ni ya zamani kweli. Mshairi Chaucer alitaja kisu cha Sheffield kwenye miaka ya 1300 huko. Mwaka 1624 Bunge likapitisha sheria ya kuunda chama cha mafundi visu wa hapa, na chama hicho kipo hadi leo. Kilichowasaidia ni mito. Inashuka kwa kasi kutoka vilimani, maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha jiwe la kunolea. Kwenye miaka ya 1740 fundi saa mmoja, Benjamin Huntsman, akapata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, kikatoka safi kuliko cha mwanzo.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Wahenga wetu walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, ila hawakutuambia habari za aliyekinoa! Wanoaji wa Sheffield walishinda kutwa wameliinamia jiwe, vumbi la jiwe na la chuma likiingia mapafuni. Waliotumia jiwe lenye maji walikuwa na nafuu. Wale wa kunoa uma walitumia jiwe kavu, na wengi wao walikufa hata miaka 40 hawajafika. Mara nyingine jiwe lilipasuka likiwa linazunguka, likamuua mtu pale pale. Kandokando ya mto Porter kuna karakana moja ya wanoaji, Shepherd Wheel, ambayo sasa ni makumbusho. Ukiingia mle ndani na kuona ilivyo finyu, unaelewa.

Visu vya wakati huo vilikuwa vikali, lakini ukikatia limau au nyanya vinageuka vyeusi, na usipovikausha vinashika kutu. Mwaka 1913 Harry Brearley, mtoto wa mfanyakazi wa tanuru wa hapa hapa, aliyeacha shule akiwa na miaka 12, alikuwa anatafuta chuma kitakachofaa kwa mitutu ya bunduki. Akachanganya chuma na kromiamu karibu asilimia 13, akaona tindikali haikili. Wajerumani na Wamarekani nao walikuwa kwenye utafiti kama huo, ila Brearley ndiye aliyefikiria visu vya mezani. Mafundi wakamcheka, wakamwita mvumbuzi wa visu visivyokata, kwa sababu vile vya kwanza havikushika makali. Mwaka 1914 fundi Ernest Stuart akakijaribu chuma hicho kwa siki, kikabaki kinang'aa. Baada ya kuhangaika nacho akapata namna ya kukifua na kukikaza vizuri.

Ndiyo chuma cha visu vingi mlivyonavyo jikoni leo. Na mie naona kimetuletea tatizo moja: kwa kuwa kinang'aa, tunasahau kukinoa. Kisu cha bibi kilipoingia kutu kilijisema chenyewe. Hiki cha leo kinaweza kuwa butu mwaka mzima na bado kinapendeza macho. Kisu butu ndicho kinachokata watu, jamani, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu, kinateleza kwenye ganda la nyanya, kinaishia kidoleni.

Kwa hiyo dada zangu, na nyie makaka mnaojifanya jiko haliwahusu, yashikeni haya tunayofuata huku kazini kwetu jikoni. Kisu kinolewe mara kwa mara. Acheni kukatia kitunguu kiganjani, tumieni kibao, na chini yake wekeni kitambaa kibichi kisiteleze. Kitunguu kipasueni kati, upande bapa ulale chini. Mkono unaoshika mboga, kunjeni ncha za vidole kwa ndani, ubapa wa kisu uegemee vifundo vya vidole. Kikidondoka, rukeni nyuma, msikidake! Na msikizamishe kwenye beseni la povu, mwenzenu akaja kukipapasa.

La mwisho. Waingereza wanaamini kumpa mtu kisu bure kunakata urafiki, lazima mpokeaji alipe japo senti moja. Basi Desemba nikija na visu vya Sheffield, kila mtu aandae shilingi yake mapema. Sitaki ugomvi na ndugu!

Wasalaam, tuonane wiki ijayo.