Ukame Hautoshi: Maji ya Majira katika Viwanja vya Chokaa vya Tennessee ya Kati

Wanaikolojia wengi huviweka viwanja vya chokaa vya Tennessee ya kati, nchini Marekani, katika fungu la makazi makavu. Udongo ni haba, mwamba uko wazi, jua la Julai linaunguza. Mimea iliyopo, tunaambiwa, ni ile iliyoumudu ukame. Hoja hiyo ina ushahidi mzuri na hitimisho pungufu. Ukame unaeleza kwa nini miti haipo. Hauelezi kwa nini mimea iliyopo ni hii na si mingine.

Kuhusu mpangilio hakuna ubishi. Tangu Elsie Quarterman wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alipochapisha utafiti wake mwaka 1950, inafahamika kwamba jamii za mimea hapa hufuata kina cha udongo: kusikozidi takribani sentimita 5 ni changarawe na mimea ya msimu mmoja, hadi karibu sentimita 20 ni nyasi, zaidi ya hapo ni vichaka na Juniperus virginiana, ndugu wa mtarakwa wetu.

Lakini udongo wa sentimita 4 juu ya chokaa bapa hukauka upesi na hujaa maji upesi vilevile. Nashville hupata mvua ya karibu milimita 1,200 kwa mwaka, tena imesambaa katika miezi yote. Hakuna kiangazi kama cha Dodoma. Kinachogeuka ni joto. Wakati wa baridi maji yanayopotea hewani ni machache, basi hutuama juu ya mwamba au huchuruzika polepole kutoka kwenye nyufa zake. Nostoc commune, sianobakteria ambayo Agosti ni magamba meusi yanayokatika chini ya kiatu, Februari huwa utando wa kijani unaoteleza kama kamasi. Anayefika Agosti ataandika "pakavu", na kwa siku hiyo atakuwa sahihi.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni Leavenworthia, jenasi ndogo ya familia ya kabichi. Jerry na Carol Baskin waliichunguza kwa makini na kuchapisha matokeo yao mwaka 1971. Mbegu hudondoka mwishoni mwa machipuko zikiwa zimelala. Joto la kiangazi ndilo linalozitoa usingizini, nazo huota udongo unapolowana tena majani ya miti yanapoanza kupukutika. Mche hukaa miezi yote ya baridi ukiwa duara la majani lililobana chini, mara nyingi katika udongo uliojaa maji. Machi na Aprili huchanua. Kabla joto halijakolea, umekwisha kufa. Baadaye Sporobolus vaginiflorus, nyasi ya msimu wa joto, hutawala mahali palepale. Eneo moja, jamii mbili kwa zamu.

Watetezi wa ukame watasema kwamba kufa kabla ya kiangazi ni njia tu ya kuukwepa. Ni kweli kwa nusu ya kalenda. Hata hivyo, katika sehemu zenye michirizi ya maji hukua pia Isoetes butleri, na jenasi ya Isoetes kwa sehemu kubwa ni ya mimea ya majini na matopeni. Mmea huu hukaa miaka, ukijificha kiangazi ndani ya shina nene lililo ardhini. Tukiuita mmea wa ukame tutakuwa tumefuta nusu ya maisha yake. Wanaotaja moto badala ya ukame nao wana hoja kwenye nyasi ndefu. Kwenye changarawe cha kuwaka ni kidogo mno.

Jambo hili lina uzito katika uhifadhi, nami sioni sababu ya kulisema kwa sauti ya chini. Echinacea tennesseensis, ua la viwanja hivi, iliingizwa mwaka 1979 katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka, ikaondolewa mwaka 2011, hasa kwa sababu maeneo yake yalilindwa. Kwa ua linalokaa kwenye udongo wenye kina zaidi kidogo, kulinda kiwanja chenyewe kunaweza kutosha. Kwa jamii za michirizi hakutoshi: maji yake hutoka upande wa juu, na mtaro mmoja wa barabara nje ya uzio unaweza kuyageuza bila mtu kung'oa hata mmea mmoja. Vitongoji vya Nashville na Murfreesboro vinazidi kutanuka juu ya chokaa hiyohiyo. Kwa hiyo mpaka wa hifadhi ufuate mkondo wa maji, upimwe Februari na tena Agosti. Ramani ya kiangazi peke yake isikubaliwe kuuamua.