Kabla ya Kompyuta Alikuwapo Opereta

Vijana wanaofungua maduka ya pembejeo hapa Igurwa, mkoani Kagera, huniuliza kama ni kweli kompyuta moja yaweza kupokea simu za wateja na kuzigawa kwa wahudumu. Ni kweli, wala si jambo jipya. Mwaka 1999 Mark Spencer, kijana wa Kimarekani, alihitaji mtambo wa simu kwa kampuni yake ndogo, akakuta bei haishikiki. Akaandika programu ya Asterisk, inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa swichibodi, akaitoa bure.

Kwetu mwaka huo simu yenyewe ilikuwa ya kufuatwa. Nilikuwa karani wa chama cha msingi, nikipima kahawa ya maganda na kuandika stakabadhi. Kutaka bei ni kupanda baiskeli hadi mjini Kayanga, au kuomba nafasi kwenye simu ya upepo, yaani redio ya mawasiliano. Hapo unasema, unamaliza kwa "ova", unangoja zamu yako. Na kila aliyekuwa kwenye masafa yale alikusikia. Siri ya biashara utaitoa wapi? Simu ya waya ilikuwa ya Shirika la Posta na Simu, mpaka lilipogawanywa mwaka 1994 ikazaliwa kampuni ya simu ya TTCL. Kompyuta yake ilikuwa opereta. Alijua nani yuko ofisini na nani kasafiri, akakuunganisha na wa kukusaidia kabla hujamaliza kueleza shida.

Swichibodi ya kompyuta ilitupita. Ilitaka waya na umeme wa uhakika, na umeme wa Kagera kwa miaka mingi umetoka Uganda, kupitia Masaka hadi Kyaka. Minara ya simu za mkononi ikatangulia. Vodacom ilianza nchini mwaka 2000, Celtel 2001. Mtandao ulipofika huku, butura, yaani kuuza kahawa ingali maua, haikufa, ila mkulima aliyekuwa akiuza hivyo aliweza kwanza kuuliza bei mjini Omurushaka. Alibipu, maana vocha ilikuwa ghali. Wenye maduka nao wakajitengenezea mtambo wao: simu kadhaa juu ya kaunta, kila moja na laini ya mtandao wake, na binti mmoja wa kuzipokea zote. Aliyeipanga kazi hiyo vizuri hakupoteza mteja.

Anayetaka kuweka mtambo wa kompyuta leo aweke. Programu bado ni ya bure. Ila mzee anayeulizia bei ya maganda asiambiwe abonyeze moja, abonyeze mbili. Apokelewe na mtu, tena anayejua Kinyambo, lugha yetu.