Bei ya Kuutazama Utumbo: Historia Fupi ya Kipato cha Bingwa

Kila mjadala wa mishahara ya madaktari unapoibuka nchini, tunabishana kwa lugha ya maadili: nani ana wito, nani ana tamaa, nani amesota miaka mingi zaidi chuoni. Lugha hiyo ina nafasi yake. Hata hivyo, haielezi kwa nini nchini Marekani daktari bingwa wa magonjwa ya mfumo wa chakula hupata kipato kinachokaribia mara mbili ya kile cha mwenzake wa magonjwa ya tezi na homoni. Wote wawili hupitia miaka 3 ileile ya mafunzo ya tiba ya ndani. Katika ubingwa bobezi tofauti yao ni mwaka mmoja tu. Wote hushughulika na maradhi mazito. Huyu wa homoni pengine hutumia muda mrefu zaidi kuzungumza na mgonjwa wa kisukari kuliko yule anaoutumia kumchunguza mgonjwa wa tumbo, na huenda hilo ndilo linalomponza.

Tofauti hiyo haikutokana na soko huria, kama wanavyopenda kudai baadhi ya wachumi wetu. Ilitengenezwa hatua kwa hatua, na kumbukumbu za kutengenezwa kwake zipo. Zinatuhusu kwa sababu nasi sasa tunapanga bei za tiba kwa mkupuo mmoja, kwa nchi nzima.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Adolf Kussmaul aliingiza bomba gumu hadi tumboni mwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumeza panga mbele ya watazamaji. Hakuna mwingine ambaye angestahimili jaribio lile. Bomba lilipita, lakini mwanga haukutosha kuona chochote cha maana. Mwaka 1932 Rudolf Schindler, daktari wa Munich, alileta chombo kinachopinda kiasi. Miaka michache baadaye utawala wa Wanazi ulimkimbiza, akahamia Chicago na ujuzi wake. Hata hivyo, hadi katikati ya karne ya 20 daktari wa tumbo alibaki kuwa mtu wa kuuliza, kupapasa na kufikiri. Kipato chake kilifanana na cha daktari yeyote wa tiba ya ndani.

Mageuzi yaliletwa na kijana aliyezaliwa Bethal, Afrika Kusini. Basil Hirschowitz, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, alishirikiana na wanafizikia kutengeneza mrija laini wenye nyuzi za kioo zinazopitisha picha hata unapopindishwa. Mwaka 1957 aliumeza yeye mwenyewe kwanza, kisha akautumia kwa mgonjwa. Miaka 12 baadaye, jijini New York, William Wolff na Hiromi Shinya walikwenda mbali zaidi: kupitia mrija wa kuchunguzia utumbo mpana waliingiza kitanzi cha waya, wakakata kwa umeme kinyama kilichoota ndani ya utumbo. Kabla ya hapo, kukitoa kinyama kilichoota juu sana kulihitaji kumpasua mgonjwa tumbo.

Hapa ndipo kipato kilipogeuka. Daktari wa kuuliza na kufikiri alipata mkono wa mpasuaji bila kuingia chumba cha upasuaji. Sasa alikuwa na kitendo kinachohesabika, chenye mwanzo na mwisho, kinachoweza kuandikwa kwenye ankara.

Na aliyepokea ankara alikuwa mkarimu. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Ili kupunguza upinzani wa madaktari, sheria ilikubali kuwalipa kwa kufuata viwango ambavyo wao wenyewe walizoea kutoza, mradi vionekane vya kawaida katika eneo lao. Utaratibu huo ulizaa jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Kitendo kipya hupewa bei kikiwa bado kigumu, cha hatari na cha nadra. Baadaye vifaa huboreka, mikono huzoea, kazi ya saa nzima inakuwa ya nusu saa, lakini bei haishuki kwa kasi ileile. Mazungumzo na mgonjwa hayana bahati hiyo. Bei yake ni ya zamani, na hakuna mashine inayoweza kuyafupisha bila kuyaharibu.

Aliyelipima jambo hili kwa takwimu ni William Hsiao, mchumi wa Harvard. Utafiti wake, uliotolewa mwaka 1988, ulijaribu kulinganisha kazi za madaktari kwa vipimo vinavyofanana: muda, nguvu ya akili na uamuzi, ustadi wa mikono, na mfadhaiko unaotokana na hatari kwa mgonjwa. Matokeo yake yaliwaudhi wengi. Vitendo vilikuwa vinalipwa kupita thamani yake vikilinganishwa na kazi ya kumsikiliza mgonjwa na kumwelekeza. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1989, na kuanzia Januari 1992 Medicare ikaanza kulipa kwa mfumo wa alama: kila huduma ina alama zake, na alama huzidishwa kwa kiasi cha dola kinachotangazwa kila mwaka.

Lau historia ingeishia hapo, mwanauchumi angekuwa amewashinda wanasiasa. Haikuishia hapo. Alama zilihitaji kusahihishwa mara kwa mara, na mwaka 1991, kabla mfumo haujaanza, Chama cha Madaktari cha Marekani kiliunda kamati ya kuishauri serikali juu ya alama hizo. Viti vingi vya kamati hiyo vimekuwa vya vyama vya mabingwa. Madaktari wa huduma za msingi wamekuwa wachache. Serikali haikulazimika kuyakubali mapendekezo yake, lakini kwa miaka mingi iliyakubali mengi kuliko iliyoyakataa. Kwa kuwa sheria inadai jumla ya matumizi isipande kwa sababu ya marekebisho ya alama, kumwongezea mmoja ni kumpunguzia mwingine. Msomaji wa siasa ataitambua picha hii bila kusaidiwa.

Kwa mabingwa wa mfumo wa chakula, alama zilikuwa nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni wingi wa wateja, na huo pia ulitokana na uamuzi wa serikali. Mwaka 1998 Medicare ilianza kulipia uchunguzi wa utumbo mpana kwa walio katika hatari kubwa ya saratani. Mwezi Machi 2000 mtangazaji Katie Couric, aliyekuwa amempoteza mumewe kwa saratani hiyo miaka 2 kabla, alifanyiwa uchunguzi huo mbele ya kamera za televisheni, na idadi ya watu waliojitokeza kuchunguzwa ikapanda. Julai 2001 Medicare iliwafungulia mlango wazee wote. Kitendo kilichobuniwa kwa ajili ya wagonjwa kikawa cha watu wazima wenye afya, mamilioni yao.

Kuna pia suala la chumba. Tangu mwaka 1982 Medicare hulipa ada ya jengo kwa vituo vya kujitegemea ambako mgonjwa huhudumiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Daktari anayemiliki hisa katika kituo kama hicho hupata malipo ya mkono wake pamoja na gawio la malipo ya kuta. Mwenzake aliyeajiriwa hospitalini hupata la kwanza tu. Mara nyingi tofauti ya kipato kati ya mabingwa wawili wenye ujuzi sawa iko katika hati ya umiliki.

Mwaka 2013 gazeti la Washington Post lilifichua kwamba alama za uchunguzi wa kawaida wa utumbo mpana zilijengwa juu ya dhana ya dakika 75 za kazi ya daktari, ilhali kwa kawaida kazi ilimalizika katika takriban nusu saa. Mwaka 2016 alama za uchunguzi huo zilipunguzwa kutoka 3.69 hadi 3.36. Wakati huohuo kiasi cha dola kwa kila alama, kilichokuwa dola 31 mwaka 1992, kilikuwa dola 32 na senti kadhaa mwaka 2025, ingawa bei za vitu vingine vyote zimepaa. Ndiyo maana wenye vituo wameendelea kustawi, wanaotegemea alama peke yake wanalalamika, na makampuni ya uwekezaji yamekuwa yakinunua kliniki za fani hii.

Nisieleweke vibaya. Vifo vya saratani ya utumbo mpana miongoni mwa wazee wa Marekani vimepungua, na uchunguzi huu una mchango mkubwa. Ninachohoji ni kipimo cha thamani. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Uganda, na ambaye aliona jinsi maradhi kadhaa ya utumbo yalivyokuwa nadra kwa wanavijiji wa huku, alirudi Uingereza akahubiri chakula chenye nyuzinyuzi. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu ukubwa wa mchango wa nyuzinyuzi katika kuzuia saratani. Lakini daktari anayekaa nusu saa kumweleza mgonjwa faida ya dona dhidi ya sembe hana alama za kujivunia popote. Uingereza imeipunguza tofauti hiyo kwa njia yake: katika hospitali za umma bingwa wa tumbo na bingwa wa magonjwa ya akili wako kwenye ngazi ileile ya mshahara, na pengo hufunguka tu wanapokwenda kuhudumia wagonjwa binafsi.

Sisi tulirithi ngazi za mshahara za aina hiyo. Mwaka 1977 Tanzania ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara, na mwaka 1991 ikaziruhusu tena. Tangu hapo bingwa wetu ana maisha mawili: asubuhi mshahara wa ngazi, jioni malipo ya kitendo. Kwa kuwa mashine za endoskopi ni ghali, jioni hiyo ina faida zaidi kwa aliye mjini kwenye kituo kilichojaa wanachama wa bima. Wagonjwa hawakujipanga hivyo. Saratani ya umio imeenea katika ukanda unaopita nyanda za juu za Bonde la Ufa, na wengi hufika hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, wakati hata maji hayapiti kooni. Mrija unaohitajika zaidi ni wa huko, kwa watu wasio na uwezo wa kuulipia.

Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita chake kipya, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wake kwa madai kwamba bei haziendani na gharama. Nilifuatilia malumbano yale kwa makini. Kila upande ulitetea jumla ya fedha. Sikusikia mtu akiuliza kwa nini kumwona daktari kumepewa bei ile na kipimo kimepewa bei hii, nani alikaa kwenye meza hiyo, na dakika ngapi zilikadiriwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 italifanya jedwali kama hilo kuwa la taifa zima. Wizara ingechapisha, pamoja na kila bei, muda uliokadiriwa na majina ya vyama vilivyoshauri. Wamarekani waliupata undani wa hesabu zao za dakika 75 kutoka kwa waandishi wa habari, miaka 21 baada ya mfumo kuanza.