Jumapili ya Kupiga Kura

Tarehe 31 Oktoba 2010 ilikuwa Jumapili, na Ngulyati nzima tulikuwa shuleni. Wakubwa walikuja kupiga kura, sisi watoto tulikuja kuwaangalia. Foleni ilianzia mlangoni mwa darasa, ikauzunguka mwembe, ikaishia kwenye goli letu la miti. Dada yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikasirika kwa sababu moja tu: uwanja umechukuliwa. Akawa anapiga danadana nyuma ya foleni na mpira wake wa matambara na mifuko ya nailoni, mpaka mtu mzima mmoja akamfukuza.

Bariadi ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Baba alitembea na redio kwapani, na redio ile iliongea uchaguzi tangu asubuhi hadi tukalala.

Miaka kumi na mmoja baadaye, nikiwa chuoni Dar es Salaam, nilikuwa napekua matokeo ya zamani ya mpira nikaikuta tarehe ileile. Jumapili ile, huko Afrika Kusini, Twiga Stars walicheza mechi yao ya kwanza kabisa katika fainali za ubingwa wa Afrika wa wanawake. Wenyeji waliwafunga 2–1. Nilimpigia dada simu palepale. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo walikuwepo?"

Historia ya mashindano haya kwa kawaida husimuliwa kwa orodha ya mabingwa, na orodha yenyewe inachosha: Nigeria, Nigeria, Nigeria. Mwaka 1991, yalipoanza, hayakuwa hata na nchi mwenyeji. Yalikuwa njia ya kumpata mwakilishi wa Afrika kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, kule China. Timu zilicheza nyumbani na ugenini, na baadhi ya zilizojiandikisha zikajitoa, wapinzani wao wakavuka bila kugusa mpira. Nigeria wakaichapa Cameroon 2–0, kisha 4–0. Fainali za kukutana nchi moja zilianza 1998, timu nane. Wa kwanza kuwapokonya Wanigeria taji walikuwa Equatorial Guinea, mwaka 2008.

Lakini mimi, mtoto wa Ngulyati, huwa natafuta wasiokuwepo. Mwaka 1991 hakukuwa na Tanzania, Kenya wala Uganda. Uganda walifika 2000. Ethiopia walishika nafasi ya nne 2004. Kenya walisubiri hadi 2016. Nafasi zilikuwa nane kwa bara zima, na kufuzu kulikuwa kwa mtoano: ukiteleza katika mechi mbili, safari imekwisha, unasubiri miaka miwili.

Ndiyo maana kikosi cha 2010 kinanishangaza. Ligi kuu ya wanawake Tanzania ilianza 2016. Wale wa kocha Charles Boniface Mkwasa walifuzu miaka sita kabla ya hapo! Baada ya Afrika Kusini walifungwa na Mali 3–2, kisha na Nigeria 3–0, wakarudi nyumbani bila pointi. Watu husema walikwenda kushiriki tu. Sikubali. Mabao matatu katika kundi lenye wenyeji na bingwa wa mwaka ule, kwa wachezaji wasio na ligi, siyo kushiriki tu.

Dada alipofika sekondari, mwalimu wa michezo alimwambia mpira wa wasichana ni netiboli. Alijaribu netiboli mwaka mmoja. Hakuwa mrefu, na mikono yake, anasema mwenyewe, haijawahi kuwa na akili kama miguu. Leo ana watoto watatu na shamba la pamba.

Twiga Stars walikaa miaka kumi na mitano bila kurudi. Mwaka 2015 mashindano yalibadilishwa jina, yakawa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake. Mwaka 2022 timu zikaongezwa kufikia 12. Fainali za 2024 zilisogezwa hadi Julai 2025, Morocco, na safari hii tulikuwemo, chini ya kocha Bakari Shime.

Nilikuwa likizo nyumbani. Mali walikuwa wameshatufunga 1–0. Tarehe 11 Julai ilikuwa zamu ya Afrika Kusini, mabingwa watetezi, na nilikwenda mapema kumwomba mwenye kibanda umiza atuwekee. Akaniuliza kama watu watalipa. Nikamlipia dada na mimi, shilingi mia tano mia tano, na vijana wengine wakaingia kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama.

Opa Clement alipofunga, kibanda kililipuka. Dada hakupiga kelele. Alisimama, kitenge kikamdondoka, akabaki amesimama hadi mapumziko. Afrika Kusini walisawazisha kipindi cha pili, mechi ikaisha 1–1: pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano haya.

Siku tatu baadaye Ghana walitufunga 4–1, tukatolewa. Kibanda kilikuwa kimejaa, tukakosa hata benchi. Tulipokuwa tunarudi gizani dada alilalamika njia nzima kuhusu mabeki wetu, jinsi walivyoufuata mpira wakamwacha mtu. Alinionyesha kwa miguu, palepale barabarani, mahali ambapo beki alipaswa kusimama. Kisha akaniambia nitembee haraka, asubuhi kuna pamba ya kupeleka mizanini.