Nani Aseme Kwanza? Utaratibu wa Mikutano ya Wakuu na Mapambano ya Usawa, kutoka Berlin hadi Cancun

Makada wengi huiona kazi ya kupanga mkutano kuwa kazi ya karani. Kuandika ajenda, kupanga viti, kuorodhesha wasemaji, kuamua lipi lisemwe hadharani na lipi katika kikao cha faragha: mambo haya huachiwa vijana wa ofisini, na viongozi hujitayarishia hotuba tu. Sisi tunaofundisha historia tunaona kwamba huko ni kukosea. Mara nyingi matokeo ya mkutano huwa yamekwisha kuamuliwa kabla mjumbe wa kwanza hajasimama kusema. Katika makala hii tutaichunguza mikutano mitatu ili tuone jinsi utaratibu unavyobeba uhusiano wa nguvu kati ya wanaokutana.

Kugombea daraja

Katika Ulaya ya wafalme, suala la nani atangulie lilikuwa suala la damu. Mwaka 1661, wakati wa mapokezi ya balozi wa Uswidi mjini London, watu wa balozi wa Hispania na watu wa balozi wa Ufaransa walipigana barabarani, na wengine wakauawa, kwa sababu kila upande ulitaka gari lake litangulie. Haukuwa wazimu. Kutangulia kulikuwa na maana ya kudai ukubwa, na aliyekubali kuwa nyuma mara moja angetakiwa kuwa nyuma siku zote.

Katika Mkutano wa Vienna wa 1815 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba mabalozi wa ngazi moja wapangwe kwa kufuata tarehe ya kuwasili kwao rasmi, bila kujali ukubwa wa mfalme aliyewatuma. Baadaye desturi ya kufuata herufi za alfabeti ilienea, na Umoja wa Mataifa nao hupiga kura ya bahati kuamua ni nchi gani ishike kiti cha kwanza katika ukumbi wa Baraza Kuu. Zote hizi ni njia za kusema kwamba mkubwa na mdogo ni sawa. Lakini usawa huo wa Vienna ulikuwa wa wenyewe kwa wenyewe. Sisi hatukuhesabiwa.

Berlin: mkutano usio na wenyewe

Ushahidi ni Mkutano wa Berlin. Ulianza tarehe 15 Novemba 1884 na kumalizika tarehe 26 Februari 1885, na nchi 14 zilishiriki. Ulizungumzia Afrika, na hakukuwa na mjumbe hata mmoja wa Waafrika. Wajumbe walisikilizana kwa adabu na kanuni zilifuatwa. Wakati huo huo Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami akikusanya mikataba ya ulaghai. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake.

Kwa hiyo swali la kwanza la utaratibu wa mkutano wo wote si nani aseme kwanza. Ni nani yumo ukumbini, na nani amefungiwa nje.

Bandung: wenyewe wanaitisha

Miaka sabini baadaye, tarehe 18 Aprili 1955, wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana Bandung, Indonesia. Ukumbi waliokutania ulikuwa zamani klabu ya Waholanzi, na sasa uliitwa Jengo la Uhuru. Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini, na TANU haijatimiza hata mwaka mmoja. Mwezi uliotangulia, Machi 1955, Mwalimu Nyerere alikuwa amesimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York. Alisema huko akiwa mwombaji, si mwakilishi wa nchi. Hilo nalo lilikuwa suala la utaratibu: mwombaji husikilizwa, lakini hapigi kura.

Mkutano wa Bandung uliandaliwa na nchi tano: Burma, Ceylon, India, Indonesia na Pakistan. Viongozi wao walikutana Bogor mwezi Desemba 1954 kupanga kazi, na walilopanga linastahili kusomwa na kila katibu wa tawi. Waalikwa wengi walikuwa hawatambuani. Vietnam ya Kaskazini na ya Kusini zote mbili zilialikwa. China ya Mao ilialikwa pamoja na serikali zilizokuwa bado hazijaitambua. Waandaaji wakatamka tangu mwanzo kwamba nchi kukubali mwaliko hakutakuwa na maana ya kubadili msimamo wake juu ya hadhi ya nchi nyingine. Kwa sentensi hiyo moja waliondoa ugomvi ambao ungeuvunja mkutano mlangoni.

Hata hivyo hawakuwaalika wote. Afrika Kusini ya makaburu haikualikwa, wala Israel, wala Korea zote mbili. Hata orodha ya wanyonge ina mipaka yake.

Ubishi uliofuata ulihusu hotuba. Nehru wa India alipendelea hotuba za ufunguzi ziachwe na badala yake zigawiwe kwa maandishi, ili muda utumike katika majadiliano. Kwa kuokoa muda, alikuwa na haki. Lakini wajumbe wengi walikataa, nao pia walikuwa na haki. Mtu aliyenyamazishwa na mkoloni kwa miaka mia hawezi kuambiwa agawe karatasi siku ya kwanza anapopata jukwaa. Basi siku mbili zikatumika kwa hotuba za hadharani, na kuanzia tarehe 20 Aprili kazi ikaingia katika kamati tatu, ya siasa, ya uchumi na ya utamaduni, bila ya waandishi wa habari.

Zhou Enlai wa China alionyesha jinsi nafasi ya kusema inavyoweza kutumiwa. Tarehe 18 alisikiliza. Baadhi ya wajumbe, akiwemo Fadhel Jamali wa Iraq, waliushutumu ukomunisti waziwazi. Alasiri ya tarehe 19, zamu yake ilipofika, hotuba aliyokuja nayo aliigawa kwa maandishi, kisha akasema maneno mengine aliyoyaandika baada ya kuwasikia wenzake: kwamba ujumbe wake umekuja kutafuta mnayokubaliana, haukuja kupanua mnayotofautiana. Angesema kwanza asingeweza kujibu. Angesoma alichoandika Peking angejibu maswali ambayo hayakuulizwa.

Uamuzi wa Bandung haukupatikana kwa kuhesabu kura. Ulipatikana kwa mashauriano mpaka kukubaliana, na Waindonesia wana maneno yao kwa hayo, musyawarah na mufakat. Maneno hayo yana asili ya Kiarabu, na ndugu zake tunao katika Kiswahili: shauri, na mwafaka.

Njia hii ilijaribiwa vikali. Tarehe 21 Aprili, katika kamati ya siasa, Waziri Mkuu Kotelawala wa Ceylon aliuliza kwa nini mkutano ulaani ukoloni wa Magharibi na usiseme neno juu ya nchi za Ulaya ya Mashariki zilizokuwa chini ya Urusi. Kwa kura, kambi moja ingeishinda nyingine na mabeberu wangeshangilia. Badala yake kamati ndogo ya kuandika iliketi, na ikatoka na maneno yanayolaani ukoloni katika sura zake zote, ambayo kila upande uliweza kuyatia sahihi kwa tafsiri yake. Ndivyo ilivyokuwa pia katika kanuni kumi zilizopitishwa tarehe 24 Aprili. Moja ilitambua haki ya nchi kujilinda peke yake au pamoja na wengine, na iliyofuata ikakataa mipango ya ulinzi inayotumikia maslahi ya dola kubwa. Marafiki wa Marekani walipata ya kwanza, na wasiotaka kufungamana wakapata ya pili.

Tusiukuze mwafaka huo kupita kiasi, kwa maana mengine ulifunikwa tu. India na China, zilizopeana mikono Bandung, zilipigana mpakani mwaka 1962. Lakini nchi 29 zilitoka na tamko moja, na Sudan na Pwani ya Dhahabu, zilizokaa ukumbini kabla hazijapata uhuru kamili, ziliupata mwaka 1956 na 1957.

Cancun: mwafaka wa wasio sawa

Tarehe 22 na 23 Oktoba 1981 wakuu 22 walikutana Cancun, Meksiko, kuzungumza juu ya nchi tajiri na nchi maskini. Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wao. Yule mwombaji wa 1955 sasa alikaa meza moja na Reagan wa Marekani na Thatcher wa Uingereza. Rais López Portillo wa Meksiko na Waziri Mkuu Trudeau wa Kanada waliongoza kikao kwa pamoja.

Kwa sura, utaratibu ulikuwa wa kidugu. Mada zilikuwa nne: chakula na kilimo, bidhaa, biashara na viwanda, nishati, na fedha. Wakuu walizungumza bila ajenda rasmi, bila kura na bila kulazimika kutoa tamko. Cuba, iliyokuwa mwenyekiti wa nchi zisizofungamana na upande wo wote, haikualikwa, kwa sababu Marekani isingehudhuria kama Cuba ingekuwapo. Hapo tunamwona tena mshika mlango.

Kiini cha ubishi kilikuwa mahali pa kuzungumzia. Nchi maskini zilitaka majadiliano ya dunia nzima yafanyike chini ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako kila nchi ina kura moja. Marekani na Uingereza zilitaka mambo ya fedha yabaki katika vyombo vyake, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Katika Shirika hilo kura hufuata mchango, na wakati huo Marekani peke yake ilikuwa na karibu moja ya tano ya kura zote, wakati mabadiliko makubwa yanahitaji asilimia 85. Asiyejua hesabu hiyo angedhani watu wanabishania jengo. Wakuu waliachana bila tamko la pamoja. Wenyeviti wawili walitoa muhtasari wao, na majadiliano yaliyotakiwa hayakuanza kamwe.

Mwafaka humfaa nani?

Bandung na Cancun zote zilitumia njia ya kuzungumza mpaka kukubaliana. Kwa nini moja ilizaa na nyingine ikawa tasa? Jibu letu ni kwamba mwafaka humfaa yule anayeweza kungoja. Bandung hakuna aliyefaidika kwa kungoja, maana kila mjumbe angerudi nyumbani na aibu kama mkutano ungevunjika. Cancun wenye fedha waliweza kungoja miaka, na wenye njaa hawakuweza kungoja msimu mmoja. Hapo, kudai kwamba wote wakubaliane ni sawa na kumpa mwenye ghala ufunguo wa pili.

Mwalimu ameandika kwamba demokrasia ya jadi ya Waafrika ilikuwa mazungumzo ya watu walio sawa, yanayoendelea mpaka wakubaliane. Wengi wetu tunayakumbuka mazungumzo na mwafaka, na tunalisahau sharti la usawa.

Tusimtazame beberu tu. Katika mikutano yetu wenyewe mwenyekiti humpa mkubwa nafasi ya kwanza, naye akisha kusema, nani mkulima wa kijijini atakayesimama kumpinga? Kinachobaki ni makofi, na katibu huandika kwamba wajumbe wote walikubaliana. Kwa hiyo kila kada anayepewa kazi ya kupanga kikao na ajiulize: ni nani hakuitwa? Nani ameandika ajenda? Mdogo atasema kabla ya mkubwa au baada yake? Yapi yahitaji hadhara, ili watu wasikie, na yapi yahitaji faragha, ili watu warudi nyuma bila aibu? Tusipokubaliana, ni nani atakayeumia kwa kungoja?

Swali la mwisho ndilo zito. Anayeumia kwa kungoja ndiye apewe nafasi ya kwanza kusema.